Kabla Hujakwenda Maskati

Wete, Pemba
26 Januari 2026

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mama yako na mdogo wako pia hawajambo, khofu ni juu yako wewe uliye mbali na macho yetu.

Barua hii nampa mtu anayevuka kesho kwa boti. Ningekupigia, lakini kila nikikupigia unasema "niko poa, baba" kisha unakata, na mimi nabaki na simu sikioni.

Mama yako ameniambia viza imetoka na unataka kuondoka kabla ya Ramadhani. Sikukatazi. Mtaani kwetu hakuna nyumba isiyo na mtu Maskati. Lililonikosesha usingizi ni jengine. Anasema juzi alikuuliza kama umesali, ukamjibu: "Ya nini, mama? Nani anasikia?" Alilia hadi usiku. Mimi sikulia, lakini tangu siku hiyo sijui ninachokula.

Nakuuliza tena mimi: unasali?

Zile siku tano za uchaguzi, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, intaneti ilipozimwa, ujumbe wangu kwako ulikaa na tiki moja. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kuutazama. Tuliambiwa Dar es Salaam watu wamepigwa marufuku kutoka usiku, na kila aliyeshuka kwenye boti alikuwa na habari yake ya risasi. Ulipojibu nilisujudu palepale barazani, mbele za watu. Halafu nikasikia ya mwenzako wa chumbani.

Najua ulivyomtafuta. Siku tisa umezunguka mahospitali na vituo, wakati watu wazima wanaogopa kuchungulia dirishani. Nilipowasimulia wazee sauti ilinikwama kwa fahari. Kwa hivyo usidhani nakuandikia unyamaze. Aliyepotea ana haki ya kutafutwa, na mama yake ana haki ya kujua alipo mwanawe, hai au maiti. Imamu wetu aliniuliza kama tumsalie sala ya ghaibu. Nikamwambia hapana, mama yake bado anamsubiri, sisi tusimtangulie. Tunamuombea kila Ijumaa kwa jina lake.

Mtume (s.a.w.) alipompeleka Muadh Yemen alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Sasa wewe uliyedhulumiwa ndiye unayeiacha dua. Umemuachia nani? Bunduki huna, cheo huna, kura yako unasema haihesabiwi. Hicho kimoja ulichobaki nacho, tena kisicho na pazia, unakitupa mwenyewe bila ya mtu kukunyang'anya. Hapo ndipo siwezi kukuelewa, baba.

Umemwambia mama yako imamu wa mtaani kwenu aliwaombea watawala na hakuwataja waliokufa. Basi nenda msikiti mwengine. Sali chumbani. Usiniambie umeacha kwa sababu ya imamu. Imamu si kibla.

Kesho ni 27 Januari, inatimia miaka 25 tangu waandamanaji walipopigwa risasi hapa Pemba, nasi tukakimbilia Shimoni, Kenya. Habari za mashua na za Shimoni unazijua, sizirudii. Ambalo sijakwambia ni kwamba kule Shimoni mimi pia niliacha. Tulikuwa zaidi ya watu 2,000 katika kijiji cha wavuvi, na wenzangu wakipanga safu mimi naondoka nakwenda kukaa pwani, nautazama upande wa Pemba. Hakuna aliyenikemea. Miezi miwili ilipita hivyo, labda zaidi. Nilikuwa na hoja kama hizi zako: waliokufa walikuwa watu wa sala, kwa nini wao. Sikupata jibu wakati ule na sina jibu leo. Siku moja nilisikia baridi ya alfajiri nikaingia kwenye safu, basi. Lakini miezi ile mwanangu, nilikuwa mtu mbaya kwa kila aliyenikaribia, na aliyenipa chakula sikumwambia ahsante.

Habari ya kuzaliwa kwako ilinikuta hukohuko, ililetwa na mvuvi. Mtoto wa kiume, mama yake mzima. Nikauliza nani amemuadhinia. Akasema ami yako.

Ndiyo, ami yako huyuhuyu ambaye simu zake huzipokei kwa kuwa ana kadi ya chama tawala. Adhana ya kwanza iliyoingia sikioni mwako ilikuwa sauti yake. Mama yako alinikataza nisikwambie, anasema ami yako hapendi itajwe. Nadhani sasa ni lazima ujue.

Na kuna la kabla ya hapo. Siku zile baada ya uchaguzi wa 1995 umesikia zilivyokuwa. Dukani kwa wale wa chama tawala hatununui, salamu yao hatuitikii, na wao vivyo hivyo, kila upande unazika maiti wake. Mwaka 1996 ami yako alifiwa na binti yake wa miaka mitatu. Mimi siku ile nilikuwa konde nachimba muhogo. Jeneza lilipita njia ya juu. Watu walikuwa 11, niliwahesabu, halafu nikaendelea kuchimba. Konde lile mwaka huu nimelipumzisha, muhogo ulikuwa umeshaliwa na panya, nafikiri masika nitie mahindi ukiniletea mbegu. Umewahi kuniuliza kwa nini ami yako akija hapa anakaa barazani tu, haingii ndani kula. Hajawahi kunitajia siku ile hata mara moja.

Usiniambie mambo yatatengenea, mimi sisemi hivyo. Nimeyaona yote mawili. Maalim Seif, kiongozi wetu wa upinzani, alipokaa na Rais Karume wa Zanzibar kupatana Novemba 2009, watu wake mwenyewe walimzomea, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionuna. Mwaka uliofuata, 31 Julai 2010, tukapiga kura ya maoni ya serikali ya umoja, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na nikaona kwa macho yangu watu walionuniana miaka 15 wanakopeshana sukari. Halafu 2015 uchaguzi ukafutwa, tukarudi kulekule. Maalim alipofariki Februari 2021 tulimzika Mtambwe, na mtu aliyeshika jeneza mbele yangu alikuwa ami yako. Tulibeba hadi kaburini hatukusemezana. Nilitaka kusema neno. Vumbi na watu vilikuwa vingi.

Isome Suratu Yusuf kabla hujaondoka. Nabii Yaakub amelia hadi macho yamepofuka, na hapo ndipo anawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Haoni, lakini anatuma watu wakatafute. Wewe ulikwishatafuta siku tisa. Usinione nakuomba jambo geni.

Sala tano, mwanangu. Ukishindwa na tano anza na moja, ya alfajiri, na mtaje mwenzako.

Ya huku: karafuu za mwisho tumeuza, mikarafuu ya bondeni haikuzaa sana. Shilingi 400,000 za tiketi yako ziko kwa mama yako, usikope kwa watu. Bati la jikoni limeng'oka upande, nimeliwekea mawe mpaka nipate misumari. Mdogo wako anasubiri matokeo ya kidato cha nne, hali chakula vizuri, mpigie umtulize, wewe anakusikiliza kuliko mimi. Goti la mama yako limerudi kuvimba.

Usiruke kutoka Dar es Salaam bila ya kupita huku, siku mbili tu. Nimekwenda nyumbani kwa ami yako jana baada ya magharibi, nikaingia ndani, nikala kwake. Nilimuomba akakupokee Mkoani kwa honda yake, akasema atakuwa gatini tangu asubuhi. Pokea simu yake akikupigia, hatakuwa na neno jengine ila kukuuliza boti ya siku gani.

Njoo na ile dawa ya kuchua ya mama yako, na misumari ya bati kilo moja, ya huku ni ghali. Kanzu lete ya kwako, uliyoiacha hapa panya wameitoboa.

Baba yako