Vijana wajibiwe kwa maandishi, siyo kupigwa nao picha tu

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee haya mabaraza ya vijana ya kuzishauri serikali za majimbo huku Marekani, maana naona wazazi wengi tunaosoma Kiswahili hatuyajui kabisa wakati watoto wetu wako mashuleni na maamuzi ya jimbo yanawagusa kila siku.

Watu wanadhani kila kitu anaamua rais, hapana jamani. Jimbo ndo linaamua mambo mengi ya shule, umri wa leseni ya gari na vitu kibao. California 2019 walipitisha sheria kwamba sekondari nyingi zisianze vipindi kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, ikaanza kutumika 2022. Sasa adha ya kuamka giza kuwahi basi la shule anaijua nani vizuri, mbunge au mwanafunzi? Na huyo mwanafunzi hana kura mpaka afikishe miaka 18.

Kuna majimbo yameliona hilo. Jimbo la Washington (siyo mji mkuu, jimbo la kule magharibi) liliunda baraza la vijana kwa sheria 2005, wajumbe 22 wa umri wa miaka 14 mpaka 18, wanalishauri bunge la jimbo kuhusu elimu, ajira, afya, hata vijana wasio na pa kuishi. Minnesota nao wanalo la kwao. Mimi nasapoti kabisa na natamani kila jimbo liige.

Ila kinachoniuma ni kwamba ushauri ukishatolewa hakuna anayelazimika kuujibu, vijana wanaandaa hoja wiki nzima, wanapokelewa vizuri, wanapiga picha na gavana halafu kimya. Mtafiti Roger Hart alishaandika kuhusu hili 1992, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye hatua 8 na zile tatu za chini kabisa akasema huo siyo ushiriki, mtoto anawekwa pale kama pambo.

Halafu mambo ya ratiba. Bunge la Washington linaanza Januari, linakaa siku 105 mwaka mmoja na 60 mwaka unaofuata, kamati zinakaa mchana watoto wako darasani. Bila ruhusa ya shule na nauli atakayefika ni yule ambaye mzazi wake ana gari na muda, yaani watoto walewale. Mimi nataka aitwe na yule aliyelelewa kwenye familia za kupangiwa na serikali, maana tangu sheria ya taifa ya 2008 ni jimbo linaloamua kama malezi hayo yafike miaka 21 au yakatike 18, na hilo hakuna mtaalamu analijua kumzidi yeye.

Wapo wanaosema watoto hawana uzoefu. Sawa, lakini hakuna aliyesema wapige kura bungeni, wanashauri tu na wabunge wanabaki na kura zao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wa majimbo ni kuongeza kipengele kimoja kwenye sheria za mabaraza haya: vijana waoneshwe muswada unaowahusu kabla kamati haijaupigia kura, na wakitoa ushauri wajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, umekubaliwa au umekataliwa, na kwa nini.

Mzazi, msomaji wenu