Kabla ya kuchimba mambo ya kale, ulizeni paliwekwa nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie neno wataalamu wa akiolojia wanaokuja huku Mtwara kuchimba. Sina ugomvi na kazi yao. Hela yao nimeila, nikiwa kibarua.

Safari ya mwisho tulichimba ubavuni mwa ghala bovu lililokuwa likiwekwa salfa na dawa za mikorosho. Juu ni majani tu. Tulipofika usawa wa goti, ukuta wa shimo ukaonyesha mstari wa njano, na chini yake udongo mweusi unaonuka dawa. Salfa tunaijua: kila msimu tunaipuliza, macho yanawaka, tunanawa, tunaendelea. Ile harufu ya pili ndiyo hatukuijua. Nikauchekecha udongo ule mikono mitupu nikitafuta vigae na shanga, mchana nikanawa kwa maji ya kopo nikala ugali. Jioni nimefika nyumbani na shati lilelile, mtoto kanirukia. Msimamizi alikuwa na glavu. Sisi tuliambiwa zimekwisha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na sioni kwa nini kibarua wa wiki mbili asihesabiwe mfanyakazi. Marekani, anayekwenda kufanya kazi kwenye eneo la taka za sumu kwa kawaida hufundishwa saa 40 kwanza, kisha siku 3 uwanjani chini ya msimamizi. Sisi tulifundishwa kutofautisha kigae cha China na cha hapa kwetu, basi.

Waanze na wazee wa mtaa. Mzee aliyewahi kubeba magunia pale angewaambia kila kitu kwa kikombe cha kahawa. Wakisikia kulikuwa na dawa, udongo upelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya sururu. Vigae vya Mikindani vimelala chini karne nyingi, vitasubiri majibu. Udongo unyunyiziwe maji usitimue vumbi, na pawe na mahali pa kuoga na kuacha nguo za kazi. Barakoa za kitambaa wasituletee, mvuke wa dawa unapita humo kama mlangoni.

Na hizo glavu zikipatikana, ziwepo ndogo pia. Waliokuwa wakiosha vigae wote ni kina mama.

Kibarua wa zamani,
Mikindani, Mtwara