Mlinganyo wa kemia uanzie kwenye glasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze walimu wenzangu wa kemia jambo ambalo limenisumbua kwa miaka mingi. Tunawafundisha wanafunzi kusawazisha milinganyo kana kwamba ni hesabu tupu, kisha baada ya miezi kadhaa tunawakaririsha kanuni za umumunyifu, yaani kipi huyeyuka katika maji na kipi hakiyeyuki, kama wimbo, ilhali mambo hayo mawili hayatenganiki.

Wiki iliyopita nilikuwa nikisahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Swali lilitaka mlinganyo wa kloridi ya kalisiamu, CaCl₂, inapochanganywa na kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, zote zikiwa zimeyeyushwa katika maji. Mwanafunzi mmoja, hodari kabisa wa hesabu, aliandika kwamba hupatikana CaCO₃ na Na₂Cl₂. Ukihesabu atomu, zimetimia kila upande, na ndiyo maana aliridhika. Lakini chumvi ya mezani ni NaCl. Tarakimu ndogo iliyo chini ni sehemu ya kitu chenyewe, na anayeibadilisha ametaja kitu kingine. Chumvi ikihitajika mara mbili huandikwa 2NaCl, kwa kuwa tarakimu ya mbele ndiyo inayohesabu. Mtoto yule hakukosa akili. Tulimpa herufi kabla ya kumwonyesha kinachotokea.

Siku iliyofuata niliweka glasi mbili za miyeyusho hiyo juu ya mizani, zote zikiwa safi kama maji ya kunywa, tukasoma uzito. Nilipomimina moja ndani ya nyingine, mchanganyiko uligeuka mweupe kama tui papo hapo, na baada ya dakika chache mashapo yakaanza kutua chini. Tulizirudisha glasi zote mbili juu ya mizani, na uzito ulikuwa ule ule. Wanafunzi wakauliza wenyewe ule weupe ni nini, na hapo ndipo kanuni ilipopata kazi: chumvi zote za sodiamu tunazokutana nazo darasani huyeyuka, kaboneti nyingi haziyeyuki, kwa hiyo kilichotua ni CaCO₃, na NaCl imebaki majini. Hili wanalijua tangu jikoni, kwani magadi, ambayo ni chumvi ya sodiamu, yakitiwa katika maharage hupotelea ndani ya mchuzi, na ukoko mweupe wa birika, ambao kwa sehemu kubwa ni CaCO₃, hausuguliki kwa maji matupu hata ukikesha.

Ndiyo maana nasikitika kuona alama za hali, zinazoonyesha kipi kimeyeyuka na kipi ni kigumu, zikichukuliwa kuwa pambo la kupata nusu alama. Bila alama hizo mwanafunzi hawezi kuona kwamba ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi zimebaki kama zilivyokuwa, na kwamba kilichotendeka hasa ni ioni za kalisiamu kukutana na za kaboneti.

Wapo watakaosema kwamba kukariri kanuni kunatosha kwa mtihani. Nawaomba watazame bariamu. Mgonjwa anaweza kunyweshwa salfeti ya bariamu kabla ya kupigwa picha ya eksirei ya tumbo, nayo hupita bila kumdhuru kwa sababu haiyeyuki. Kaboneti ya bariamu nayo haiyeyuki katika maji, lakini ni sumu iliyowahi kutumika kuulia panya. Aliyekariri tu atashangaa. Anayeandika BaCO₃ + 2HCl → BaCl₂ + H₂O + CO₂ ataona kwamba asidi ya tumboni huigeuza kuwa kloridi, na kloridi ya bariamu huyeyuka na kuingia mwilini.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, na wanaopanga maazimio ya kazi katika shule zetu, waziweke mada hizi mbili katika wiki moja, na kipindi cha kwanza kiwe cha kuchanganya miyeyusho kabla chaki haijashikwa. Pasipo na vifaa vya kila mwanafunzi, glasi mbili za mwalimu mezani, mbele ya darasa zima, zinatosha kuanzia.

Mwalimu wa Kemia,
Morogoro