Kwa nini ankara yetu ina kipindi ambacho shule ilikifuta

Kila mwisho wa mwezi simu huwa ni ile ile. Mhasibu wa shule ameshika ankara yetu, amepiga hesabu upya, ameona vipindi viwili vya muziki na kimoja cha Kifaransa ambavyo havikufundishwa. "Mwalimu wenu hakuingia darasani, sasa tunalipia nini?" Majuzi mmoja alivuka mpaka, akaandika kwenye grupu lenye walimu wakuu wa shule nyingine kwamba tunawaibia. Basi tumeona tueleze mara moja kwa kirefu, ili siku nyingine tumtumie mtu linki badala ya kubishana kwenye simu huku darasa linasubiri.

Kwa asiyetujua: tunapeleka walimu wa masomo maalumu kwenye shule za msingi, nyingi za mchepuo wa Kiingereza, kuanzia Mwenge hadi Bunju na upande wa Goba na Kimara. Muziki, uchoraji, Kifaransa, michezo, kuogelea. Tunachouza ni nafasi kwenye siku ya mwalimu. Mwenye kipindi Tegeta saa 3:20 asubuhi hawezi kupangiwa Kimara saa 4:00, foleni ya Dar mnaijua. Akifika getini mlinzi akamwambia "leo wana jaribio, mwalimu", asubuhi yake imekwisha. Nauli ameshalipa, tena mara nyingi ya bodaboda, maana kinanda hakiingii kwenye daladala ya asubuhi bila ugomvi na konda.

Ndiyo maana ukurasa wa pili wa mkataba unasema: tujulishe kabla ya saa 10 jioni ya siku iliyotangulia na hulipi kitu. Ukitujulisha asubuhi ile ile, unalipa kipindi kizima. Ukurasa huo una sahihi ya shule. Hatukuuficha.

Tunajua vipindi hufutwa lini. Agosti hadi Oktoba. Darasa la Saba wanafanya mtihani wao Septemba, la Nne wanafuata na upimaji wa taifa Oktoba, na vya kwanza kung'olewa kwenye ratiba ni vyetu. Hisabati inaingia, Sayansi inaingia, rekoda (zile filimbi za plastiki za wanafunzi) zinafungiwa kabatini. Shule binafsi inauzwa na matokeo, tunaelewa. Ila mara nyingine hata Darasa la Kwanza, lisilo na mtihani wowote wa taifa mwaka huo, nalo linanyang'anywa muziki kwa sababu mwalimu wao ameitwa kusimamia jaribio la wakubwa. Hapo huwa tunauliza, na jibu ni "si masomo ya ziada tu hayo?"

Siyo ya ziada. Mtaala ulioanza kutumika 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu umeweka sanaa na michezo kama somo, lenye muhtasari wake na vipindi vyake. Kifaransa ni lugha ya kuchagua, lakini shule ikishaichagua na kuiandika kwenye bango la barabarani, mzazi ana haki ya kuidai.

Halafu Oktoba inaisha, simu inageuka. Shule ile ile iliyofuta vipindi tangu Agosti inataka mahafali ya chekechea Novemba: nyimbo tatu, mmoja wa Kifaransa, na rekoda ipigwe mbele ya mgeni rasmi. Wiki mbili zimebaki. Tunakwenda Jumamosi, tunakwenda jioni, na bei ya dharura ni mara moja na nusu ya kawaida kwa sababu mwalimu anaacha familia yake au darasa la mwingine. Vipindi vilivyookolewa Septemba vinalipwa vyote Novemba, na zaidi. Mwaka mmoja watoto waliimba vizuri mno, ukumbi ukasimama. Mgeni rasmi, mama aliyekaa nchi za Afrika Magharibi muda mrefu, akainama kwa furaha akamuuliza binti wa mbele jina lake kwa Kifaransa. Binti akamwimbia ubeti wa pili. Watu walicheka, mgeni rasmi alicheka, mkurugenzi wa shule hakucheka. Jumatatu tulipigiwa kuulizwa tunafundisha nini.

Hilo la Kifaransa wazazi pia hutuuliza. Mama mmoja alitufuata uwanjani siku ya kikao, amekasirika kwelikweli: "Mwalimu, mwaka mzima nalipia Kifaransa, mwanangu anajua kusalimia na kuhesabu tu." Tukakaa naye kwenye benchi tukapiga hesabu. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo, yaani kama wiki 39. Kipindi kimoja kwa wiki, dakika 40, ni saa 26 kwa mwaka kama hakijapotea hata kimoja. Toa wiki za mitihani, toa michezo, toa vile vilivyofutwa, unabaki na saa 18 au 20. Ngazi ya A1, yaani ya wanaoanza lugha, ambayo mtoto anaweza kuifanyia DELF Prim, mtihani wa Kifaransa wa watoto, kwa kawaida hukadiriwa kuhitaji saa 60 hadi 100. Kwa mwendo huo ni miaka mitatu au zaidi. Mwanawe alikuwa pale pale anapotakiwa kuwa. Mama alipoa, akauliza kwa nini shule haikumwambia hivyo wakati wa kulipa ada. Swali zuri, tulimwelekeza kwa wahusika.

Baada ya kufuta vipindi, njia ya mkato ya pili ya shule ni kuunganisha mikondo. "Mwalimu yupo mmoja na kipindi kimoja, si awachukue 4A, 4B na 4C pamoja?" Kwa kwaya, inawezekana. Kwa chombo, haiwezekani, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi za wateja wetu zinapotelea.

Rekoda ndiyo chombo cha bei nafuu cha kuanzia, na shule nyingi hununua Kariakoo kwa katoni. Shule moja ilinunua mara mbili, duka mbili tofauti, ili kila mtoto wa mikondo mitatu awe na yake. Wiki tatu za kwanza zilikwenda raha: B, A, G, noti za mkono wa kushoto. Siku tulipofika F, nusu ya darasa ilitoa sauti sahihi na nusu ikatoa kitu kingine kabisa. Walimu wa darasa wakaanza kuwakaripia watoto. Tukageuza rekoda moja moja: nyingine nyuma zina herufi G, nyingine B. Za G ni za mtindo wa Kijerumani, F yake unafunga vidole kwa mpangilio mwepesi. Za B ni za mtindo wa Baroko, F yake inahitaji vidole vya ziada huku kimoja katikati kimeachwa wazi. Ukiipiga ya Baroko kwa vidole vya Kijerumani, F inapanda juu. Zile za Kijerumani nazo zina dhambi yake: F shapu haikai sawa kamwe, na nyimbo nyingi za mwaka wa pili zina F shapu. Kama herufi haipo, tazama tundu la nne na la tano kwa mbele: kwenye Baroko la tano ni kubwa kuliko la nne, kwenye Kijerumani ni kinyume chake. Shule ililazimika kununua upya nusu ya rekoda. Kumleta mwalimu dukani kabla ya kununua kungegharimu kipindi kimoja.

Na hapo hapo tulikuta jingine. Kabla yetu shule hiyo ilikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, mchangamfu, anafundisha muziki, michezo na Kifaransa kwa mshahara mmoja mdogo. Hatumsemi vibaya, alikuwa akijitahidi. Ila mkondo mzima ulikuwa umeshika rekoda mkono wa kulia juu. Wa kushoto ndio unaokaa juu, na tundu la mwisho limepindishwa kidogo ili kidole kidogo cha kulia kilifikie. Mtoto aliyezoea kinyume kwa mwaka mzima, vidole vyake vinabisha. Muhula karibu wote uliishia kwenye kubadilisha mikono, na tukalipwa kwa kazi ambayo mzazi haioni kwa macho wala haiisikii kwa masikio. Kwa watoto 90 mwalimu mmoja hawezi kuona mkono upi uko juu. Kwa 30 anaona.

Upande wa uchoraji, kuna shule ilitaka watoto wachore Tingatinga kwa ajili ya ukuta wa mapokezi. Wazo zuri: mtindo ulianza hapa hapa Dar 1968 kwa Edward Saidi Tingatinga, akipaka rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Wakasoma hivyo, wakanunua rangi ya mafuta madebe manne bila kutuuliza, wakawapa Darasa la Tatu wakiwa na sare. Rangi hiyo haitoki kwa maji na sabuni, inataka tapentaini, na haikauki ndani ya kipindi. Wazazi walidai mashati. Sisi tungetumia rangi ya maji nzito ya bango kwenye kadibodi, mwishoni tukapaka vanishi. Kwa mbali hutaona tofauti.

Michezo tutaipitia haraka. Mpira namba 5 si wa Darasa la Kwanza. Hao wanataka namba 3, wa miaka 8 hadi 12 namba 4. Na timu haiundwi wiki moja kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Kuogelea tunatoza juu kwa sababu tunapeleka watu wawili, mmoja ndani ya maji na mmoja ukingoni asiyefanya kitu kingine zaidi ya kuhesabu vichwa. Kuna shule iliomba tumtoe huyo wa ukingoni ili bei ishuke. Tulikataa kazi.

Bei yetu ni Sh 30,000 kwa kipindi kimoja cha dakika 40, mkondo mmoja. Ndani yake kuna nauli, maandalio, ripoti ya mwisho wa muhula ya kila mtoto, na mshahara wa mtu aliyesomea kazi yake. Mwalimu wetu wa ngoma na marimba ametoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Tunajua wapo wanaotoza nusu. Waulizeni ripoti ya mtoto mmoja mmoja, muone watawapa nini.

Kwa muhula unaoanza Julai, shule itakayotupa ratiba yake ya mitihani mapema tutahamisha vipindi vya wiki hizo bila malipo, na hatutatoza dharura ya mahafali kama vipindi vya Agosti hadi Oktoba havikuguswa. Rekoda msinunue kabla hatujazishika. Nafasi zilizobaki ni Jumatano asubuhi kwa muziki na Ijumaa baada ya mapumziko kwa Kifaransa. Kuogelea kumejaa hadi Septemba.