Mhariri, anayenunua chakula nyumbani sio mimi

Mhariri shikamoo, na pole na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nasoma sana ile kurasa yenu ya afya, baba analeta gazeti kila Jumapili, na kila mkiandika kuhusu vijana mnamalizia palepale, kijana ale mlo kamili, aepuke soda na chipsi, ale matunda kwa wingi. Sawa, nimeelewa. Sasa naomba kuuliza, kijana wa kidato cha tatu anachagua chakula kwa hela ya nani?

Nyumbani kwetu Tabata tuna duka la jumla, sio kubwa kihivyo, na stoo yake ndo sebule yetu. Yani ukikaa kwenye kochi pembeni yako kuna makreti ya soda, nyuma ya mlango katoni za biskuti na krispi, juu ya friji juisi za pakiti. Biskuti zikikaribia kuekspaya wateja hawazitaki kwaiyo zinaingia ndani, tunanywea chai asubuhi, wadogo zangu wanabeba shuleni, na siku gesi imeisha zinakuwa mpaka chakula cha usiku. Siwalaumu wazazi, mzigo umelipiwa hauwezi kumwagwa jalalani, na mama akifunga duka usiku saa nne ataanza saa ngapi kuchambua mchicha? Anamtuma mtu kiepe pale kona, dakika kumi kimefika, wala haijalishi kwamba yule kaka anakaangia mafuta yaleyale toka mchana mpaka yamekuwa meusi tii.

Afu kukataa nako ni kesi. Kwetu ukisema sitaki wanajua umesusa. Nilipoanza kuikwepa soda shangazi akauliza mbele za watu, we umeanza mambo ya dayati, unataka ukonde watu waseme hatukulishi? Na mgeni akija asipowekewa soda mezani ni aibu ya nyumba nzima, dagaa na mlenda ndo kabisa, ukimpikia mgeni hapa mjini atatoka anasema hawa wamefulia. Wakati bibi yangu kijijini Korogwe anakula ugali wa dona, kisamvu na mihogo miaka yote na jembe bado anashika.

Kilichonisaidia mimi sio nguvu ya kukataa, ni lebo. Baba ni mtu wa hesabu, maneno ya afya hayamwingii, kwaiyo nikamletea chupa ya soda nikamsomea, sukari gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100, na chupa ni mililita 350, maana yake imepita gramu 35, kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, gawanya mwenyewe. Akacheka, akachukua kalkuleta ya duka akarudia, ikaja karibu vijiko tisa, akakaa kimya kidogo. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani toka 2015 linasema ukitaka kuwa salama zaidi sukari ya kuongeza iwe kama gramu 25 tu kwa siku nzima kwa mtu mzima, yani vijiko sita, na hapo hujahesabu chai wala maandazi. Toka siku hiyo soda ni ya wateja na wageni, sisi tunakunywa maji ya jagi. Kwa mdogo wangu anayekunywa enaji kabla ya mpira hata sikuhangaika kuongea, nilimwonyesha tu maandishi madogo ubavuni mwa kopo, limeandikwa lenyewe kwamba sio ya watoto.

Jambo la pili niliomba jiko. Jumamosi nachemsha maharage mengi nagawa kwenye makopo nayaweka friza, siku za shule nikirudi ni kuunga tu na nyanya na kitunguu, pembeni matembele, mezani chungwa. Na chai ya rangi nimeihamisha, haiji tena pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri na chungwa lenyewe linasaidia yafyonzwe, na sisi wasichana tukishaanza hedhi hayo madini tunayahitaji sana. Hii iko kwenye bailojia jamani, tunaandika kwenye mtihani tunapata vema afu tunaenda kula biskuti. Ugali wa dona bado ni vita, wadogo zangu wanasema una rangi ya vumbi, hapo bado tunabishana.

Kwaiyo ombi langu Mhariri, hizo makala muwaandikie walioshika pochi. Mwandikieni baba mwenye duka na mama anayefunga saa nne usiku, mpike vitu vya sokoni Buguruni na bei zake muweke, maana mapishi yenu ya mwisho yalikuwa na brokoli na jibini, mimi jibini naliona supamaketi tu kwenye friji lao la kioo.

La mwisho nalo linaniuma. Shuleni kwetu kantini inauza chipsi, soseji na barafu za rangi, ina kibali na benchi za kukalia, ila yule mama wa matikiti na mananasi ya kukata akisogea getini mlinzi anamfukuza eti anachafua mazingira. Tukitaka tunda tunanunulia kwenye matundu ya fensi. Kama mna mwandishi wa habari za elimu naomba mumtume aende kwa wanaohusika na mashule akaulize nani anaamua kantini iuze nini.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tabata, Dar es Salaam