Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu. Mwaka huu klabu yetu imejifunza jambo moja kwa kina: fuwele ndogo mno za semikondakta (mata inayopitisha umeme kwa kiasi tu), ziitwazo nukta za kwantamu, na namna ya kuufanya mwanga wake udumu bila kuyumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fuwele hizi zina upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nazo zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hutoa rangi inayotegemea ukubwa wa kila fuwele. Fuwele ya kadimiamu selenidi, mojawapo ya semikondakta hizo, yenye nanomita 2 hung'aa kwa buluu inayoelekea kijani, na ile ya nanomita 6 hung'aa nyekundu, ingawa kemikali ni ile ile. Kazi hiyo iliwapatia Aleksey Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Rangi husifiwa sana, lakini sisi tumeguswa zaidi na udumifu. Mwaka 1996 watafiti waliochunguza fuwele moja moja kwa hadubini waliripoti kuwa kila fuwele huwaka na kuzimika ovyo, hali taa inayoimulika haikatiki. Elektroni ikichomoka na kunaswa pembeni, fuwele hubaki na chaji, na nishati inayoingia baada ya hapo huchukuliwa na chaji hiyo badala ya kutoka kama mwanga, mpaka elektroni irejee mahali pake. Aidha, oksijeni ikisaidiana na mwanga huula uso wa fuwele, kiini kikapungua, rangi ikasogea upande wa buluu, na hatimaye mng'ao ukafifia.

Kinga ni ganda. Kiini cha kadimiamu selenidi kikifunikwa kwa zinki salfidi, kasoro za usoni hupungua na mng'ao huongezeka. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kuwa ganda nene la kadimiamu salfidi hupunguza mno kuzimika huko. Kwa maoni yetu, ganda hilo linastahili sifa kuliko linavyopewa. Sisi wa Kigoma, ambao wavuvi wetu wa dagaa hutegemea taa ziwani usiku, tunaijua vyema thamani ya taa isiyoyumba.

Kwa kuwa kadimiamu ni sumu, hatukujaribu kutengeneza fuwele hizo. Tumesoma na kufanya hesabu tu. Indiamu fosfidi, semikondakta nyingine inayotumika sasa katika baadhi ya televisheni, haina kadimiamu, ila huoksidika kwa urahisi na hivyo inahitaji ganda imara.

Tunaomba utusaidie kupata taa ya urujuanimno, miwani ya kukinga macho, na sampuli za indiamu fosfidi zilizofungwa ndani ya kioo, ili tupime wenyewe jinsi mwanga wake unavyopungua katika joto la hapa kwetu.

Tunaomba kuwasilisha.