Barua ya wazi kwa wazazi wa grupu la mtaa wetu

Wazazi wenzangu, salaam.

Wiki hii imeingia kwenye grupu letu picha ya utupu ya binti wa miaka 15, mtoto tunayemjua, na chini yake mtu mzima kaandika: “Tuwaonye mabinti zetu.” Adhuhuri haijafika, ikawa imeshafika grupu la vikoba. Nimekasirika, sitalainisha maneno.

Mnauliza watoto hawa wana nini na simu. Huyu aliambiwa na kijana, “Kama unanipenda, thibitisha.” Enzi zetu tulithibitisha kwa barua iliyopuliziwa manukato. Baba akiikamata anaichana, basi, imekwisha. Picha haichaniki. Umri ni uleule: hamu ya kupendwa imeshapanda, na sehemu ya ubongo inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Wengine wanatafuta laiki. Wengine wameahidiwa bando na watu wazima wasiowajua. Wengine wako TikTok kabla ya miaka 13 inayotakiwa, kwa tarehe za kuzaliwa tulizowadanganyia sisi.

Linaloniuma ni hili. Kijana alipoanza kutishia kuisambaza, binti alinyamaza. Alijua atachapwa kwanza, atanyang'anywa simu, ndipo aulizwe. Na ametusikia miaka yote tunavyowasema watoto wa wenzetu barazani. Angemwambia nani?

Ninyi mliofowadi “kwa nia njema”: kwa sheria yetu ya Tanzania mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia ya watoto. Asije mtu na wakili kunibishia kama hii ni hiyo. Kijana kakosa, nanyi mmekosa, tena ninyi mna ndevu.

Mama yake nimempa namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo. Kijana apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, asipigwe mtaani. Walimu wa madrasa na wa kipaimara, msimfanye binti somo la mawaidha.

Futeni picha hiyo, na ile iliyojihifadhi yenyewe kwenye simu. Jumatatu mwanetu anarudi shule. Atakayemnyooshea kidole njiani, nitakwenda kugonga kwao mwenyewe.

Mwalimu wenu mstaafu